Kwa nini ziwa la chemchemi huchafuka mvua zikizidi?

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa kwetu nje kidogo ya Tukuyu kuna ziwa dogo linalolishwa na chemchemi, na kiangazi maji yake hung'aa hata kokoto za chini zikaonekana. Mbona mvua kubwa za Machi huligeuza rangi ya chai ya maziwa?
Msomaji, Rungwe

JIBU: Ndugu msomaji, chemchemi yenyewe haina hatia kubwa, kwani maji yake yamechujwa ardhini, tope hilo husombwa na maji yanayotiririka kutoka mashambani na kwenye njia za ng'ombe. Yachote kwenye chupa ya kioo uyaache yatulie: mchanga utazama kwa dakika chache, lakini chembe za mfinyanzi, zenye upana usiofikia milimita 0.002, zitaelea siku kadhaa. Baadaye, mvua iliyopenya ardhini ikiifikia chemchemi, msukumo huongezeka na kuutibua mchanga uliotulia mdomoni mwake (utauona ukitokota kama uji). Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ukanda huo ukiachwa uote majani hunasa tope jingi kabla halijafika majini.