Zawadi ya Leo, Si Pikipiki ya Mwakani

Dada mmoja wa Ngamiani, Tanga, ameniandikia. Kaka yake alivunjika mguu kwenye bodaboda, katoka hospitali ya Bombo na vyuma, na mwezi haujaisha karudia kokeini. Anauliza: kumpa zawadi asipotumia, si kumhonga?

Dada yangu, hongo ni ya kupindisha haki. Hii ni tiba. Stephen Higgins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, waliijaribu kwa watumiaji wa kokeini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Methadoni hutuliza arosto ya heroini. Kokeini haina dawa ya namna hiyo, basi usimpangie foleni ya methadoni bure.

Mpime mkojo Jumatatu na Alhamisi, wiki 12. Kokeini huonekana siku mbili tatu tu, kwa hiyo ukipima mara moja kwa wiki ataihesabu kalenda vizuri kuliko wewe. Kipimo cha kwanza safi mpe kitu cha shilingi 1,000, kila kinachofuata ongeza 500, ukomo 5,000. Vyote 24 vikiwa safi umetumia 102,000. Vocha ya simu au unga wa ugali, hapo hapo, kabla hajashika magongo yake. Familia nyingi huharibu hapa: "Utapata mwisho wa mwezi," au pikipiki akimaliza mwaka. Akichafua, hapati kitu na anarudi 1,000. Akileta visafi vitatu mfululizo, mrudishe alipokuwa. Alichokwisha pata usimdai. Na matusi hayamo kwenye dozi, jamani!

Kipimo chenyewe husomwa kinyume na cha mimba. Mistari miwili ni safi. Ukitokea wa udhibiti (ule wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi) peke yake, kachafua. Wa pili ukiwa hafifu kama uzi wa buibui, bado ni safi, mlipe. Kishike kikombe mara tu akikupa: mkojo uliopoa umetoka kwenye chupa. Aliyekuwa akitumia sana huweza kuchafua zaidi ya wiki baada ya kuacha, basi usimwite mwongo siku ya kwanza.

Mguu nao una yake. Kokeini hubana mishipa ya damu, kidonda kikachelewa kupona. Maumivu yasipotibiwa yatamrudisha kijiweni, lakini daktari aambiwe ukweli kabla ya kuandika tramadoli, maana ikikutana na kokeini huweza kuleta degedege. Kutokuja kupimwa huhesabiwa kuchafua, isipokuwa kwa huyu mwenye vyuma: akikosa nauli ya bajaji, kikombe kimfuate nyumbani.