Paka kanyonyoka manyoya na hujui sababu: mtenge kwanza, dawa baadaye

Mkuu, umesema paka wako ana mabaka kichwani na shingoni, anakula vizuri, hajikuni sana, na watoto wanalala naye. Unauliza kama kuna haja ya kumtenga kabla hujajua anaumwa nini. Ipo, tena leo. Huko kutojikuna ndiko kunakonitia shaka: fangasi mara nyingi haziwashi sana, lakini zinahamia kwa watoto upesi. Upele wa utitiri una vurugu zaidi, huanzia kwenye kingo za masikio kwa ukoko mkavu, na paka hujikuna mpaka damu.

Kazi kubwa ni chumba. Vimelea vya fangasi vinaweza kukaa kwenye manyoya yaliyodondoka zaidi ya mwaka, kwa hiyo penye zulia au godoro pasahau. Mimi kwangu Nyegezi, Mwanza, nilitumia stoo ya saruji, nikatoa magunia yote. Kama umepanga chumba na sebule kule mlimani kwenye mawe, bafu linatosha, au kizimba cha waya kwenye kivuli. Banda la kuku hapana, hata likiwa tupu. Utitiri wa kuku utakuvurugia kesi. Beseni la mchanga liwe kona moja, maji na dagaa kona ya pili, maana paka hapendi kula karibu na choo chake. Atalia usiku. Majirani zangu walishaanza kusema nimefuga jini.

Ahudumiwe na mtu mzima mmoja, baada ya wanyama wengine. Nyuma ya mlango nilitundika shati kuukuu, naingia nalo na kulivua nikitoka. Usifagie kavu, manyoya yanapaa. Nilikuwa nabandika selotepu pana sakafuni. Ukiibandua inatoka na vinyoya vifupi vilivyokatika katikati, vingine vina unga mweupe kwenye shina. Baadaye unapiga deki kwa sabuni, halafu jiki iliyozimuliwa, paka akiwa nje mpaka harufu iishe.

Oili chafu na dawa ya josho ya ng'ombe achana nazo kabisa. Paka hujilamba, atazimeza. Hata dawa ya viroboto vya mbwa yenye permethrini inaua paka. Halafu ukishampaka vitu, unamharibia daktari wa mifugo kipimo. Yeye atakwangua ngozi atafute utitiri kwa darubini, au atapitisha mswaki mpya kwenye manyoya na kuyaotesha, yaani kuyaweka maabara aone kama fangasi itaota, na majibu ya fangasi yanaweza kuchukua wiki mbili tatu. Akimmulika kwa taa ya zambarau asing'ae, bado hajasalimika. Si fangasi zote zinang'aa.

Usimwachie kwa sababu manyoya yameota. Kama ni fangasi, subiri kipimo cha kuotesha kirudi safi, ikiwezekana mara mbili. Na mtoto akitoka choa, mpeleke zahanati na useme wazi kwamba nyumbani kuna paka mgonjwa, wasije wakadhani ni mapunye ya shuleni.