Kabla hujasaini: kwa mnaoanza gofu ya kulipwa

Mwaka wangu wa kwanza wa kulipwa nilikosa mchujo mara tano mfululizo, yaani sikuwa kati ya wanaobakizwa kucheza siku mbili za mwisho. Ukikosa mchujo unafungasha Ijumaa jioni mikono mitupu, kedi, mbeba vijiti wako, anadai chake, na hoteli haitaki kusikia habari za mpira uliozama majini. Kwa hiyo sitamcheka aliyekimbilia LIV Golf, ligi iliyogharamiwa na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, ilipoanza Juni 2022 katika uwanja wa Centurion karibu na London. Wachezaji 48, mashimo 54, mchujo hakuna. Charl Schwartzel alishinda akaondoka na dola milioni 4.75. Aliyeshika mkia alipata 120,000. Kushika mkia ukalipwa! Mimi niliwahi kushika mkia bure.

Ila vijana wanaonijia na mikataba mkononi huwa wananitajia majina yaleyale: Mickelson, Dustin Johnson, Rahm. Hebu tazameni vizuri. Wote hao, na Schwartzel mwenyewe, walishaishinda Masters, moja ya mashindano makubwa manne ya gofu, kabla ya kuhama, na bingwa wa Masters hualikwa Augusta, inakochezwa, maisha yake yote. Rahm alivaa koti la kijani la bingwa wa Masters Aprili 2023, akasaini Desemba. PGA Tour, ziara kuu ya mashindano ya Marekani, iliwafungia wahamaji, lakini mashindano makubwa manne haiyasimamii yenyewe, na watu hawa walikuwa na funguo zao mfukoni. Wewe funguo zako ziko wapi?

Anayefanana nawe ni Eugenio Chacarra. Aliacha chuo Marekani mwaka 2022 akasaini LIV, na mwaka huohuo akashinda Bangkok, dola milioni 4. Ushindi ule haukumpa hata pointi moja ya orodha ya ubora duniani. Oktoba 2023 wasimamizi wa orodha walikataa ombi la LIV, sababu kubwa ikiwa kwamba milango ya kuingia na kutoka katika ligi ile ilikuwa finyu mno. Bila pointi huipandi orodha, na bila orodha mchezaji asiye na taji hupata shida kuingia mashindano makubwa. Baada ya msimu wa 2024 timu yake haikuendelea naye. Alijipanga upya, na mwaka 2025 akashinda Indian Open kwenye DP World Tour, ziara ya mashindano ya Ulaya. Kipaji kilimwokoa, lakini alikuwa ameanza tena foleni.

Kwa hiyo ofa ikija, kiasi kisome mwisho. Anza na muda wa mkataba na nini kinatokea wasipokuhitaji. Kisha uliza nani analipa faini: waliocheza Centurion bila ruhusa ya DP World Tour walitozwa pauni 100,000 kila mmoja, na Aprili 2023 wasuluhishi waliipa ziara hiyo haki. Uliza pia utakosa nini kisicho na bei. Baada ya kuhamia LIV, Henrik Stenson alivuliwa unahodha wa Ulaya wa Ryder Cup, mashindano ya timu ya Ulaya dhidi ya Marekani, Julai 2022, na sidhani kama kuna kipengele cha mkataba kinachofidia hilo.

Halafu mpe mkataba mwanasheria unayemlipa kwa saa zake. Wakala wako ni mtu mwema, sikatai, lakini yeye anapata asilimia siku unayosaini.