Usinunue batri kabla ya kupima

Ndugu yangu wa Himbi, mtaa wa Goma, umesema gari haliwaki asubuhi mpaka jirani akupe moto kwa nyaya, na fundi anataka ununue batri mpya. Usitoe pesa bado. Azima multimeta (kipimo cha umeme), upime batri gari likiwa limelala usiku kucha: volti 12.6 batri imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 imekwisha. Kisha washa injini upime tena. Ikisoma kati ya 13.8 na 14.5, alternata (mashine ya injini inayochaji batri) inachaji. Ikibaki kwenye 12, alternata haichaji, batri inasingiziwa tu.

Mimi nilishatupa pesa hivyo. Kumbe ni unga wa kijani uliojaa kwenye kichwa cha chanya cha batri, waya unacheza ukiugusa kwa kidole! Nikamwagia maji moto yenye bikarbonati, nikasugua kwa brashi ya chuma, nikakaza. (Ukifungua nyaya, anza na ya hasi.)

Angalia pia kile chuma kinachoishika batri. Kwa mawe yetu haya ya volkano, batri ikirukaruka sahani za ndani zinavunjika. Maji yakipungua, ongeza maji ya batri yasiyo na asidi, wala usichote ziwani.