Wapeni marehemu wenu tarehe kwenye kalenda

Huku Nyanda za Juu Kusini hakuna anayebana mkono kwenye msiba. Mtu akifariki Rungwe au Kilolo, turubai linafungwa, mchango unapitishwa, na basi la kukodi linatoka Dar es Salaam limejaa ndugu. Tunazika vizuri, tunamaliza arobaini, wenye uwezo wanajengea kaburi kwa vigae. Baada ya hapo, kimya. Nyasi zinapanda mpaka msiba mwingine uturudishe palepale, na ndipo unasikia vijana wakiulizana, "Hili nalo la nani?"

Ushauri wangu ni huu: ukoo wenu uchague siku moja ya mwaka, yenye tarehe ambayo kila mtu anaijua bila kukumbushwa, iwe siku ya marehemu wenu. Msisubiri nafasi. Nafasi haiji.

Mimi nimelelewa kwa Wamoravian wa Rungwe, nikaolewa kwa Wakatoliki wa Iringa, kwa hiyo nimeishi ndani ya desturi mbili, na zote mbili zimenifundisha kwamba tarehe ina nguvu kuliko nia njema.

Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891. Kanisa lao lilikuwa na desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, pale vijana wa kiume walipopanda kwenye makaburi ya kilimani alfajiri ya Pasaka kumwimbia Mfufuka. Huku kwetu desturi hiyo imepata jasho lake. Jumamosi kabla ya Pasaka ni siku ya makwanja. Wakati huo mvua inakuwa imekolea, nyasi zimefika kiunoni, udongo unaganda kwenye jembe na kwenye buti. Watoto hupewa kazi ya kung'oa magugu kwa mkono karibu na misalaba, maana kwanja likipita pale litafyeka na maua aliyopanda shangazi. Ukifuta tope kwenye saruji ya kaburi la zamani unakuta maandishi yaliyochorwa kwa msumari saruji ilipokuwa mbichi: jina, mwaka, na herufi N imegeukia upande usio wake. Mtoto akiuliza nani aliandika hivi, hapo hapo mtu mzima analo la kusimulia.

Kesho yake, kabla hakujapambazuka, watu wako makaburini na tarumbeta. "Bwana amefufuka!" "Kweli amefufuka!" Sala ya asubuhi hiyo inawakumbuka waliolala tangu Pasaka iliyopita, na aliyefiwa mwaka huo anajikuta amezungukwa na watu. Hakuna aliyeitisha kikao. Kalenda ndiyo imeita.

Kwa Wakatoliki ni tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, iliyoenezwa na watawa wa Cluny, Ufaransa, tangu karne ya 11. Mwezi mzima wa Novemba ni wa kuwaombea. Mama mkwe wangu ana daftari la shule analoandikia majina ya kupeleka kwa nia ya misa. Mwanzoni mwa Novemba huniita, "Mwanangu, njoo na kalamu, macho yangu yamechoka." Anataja, naandika. Majina ya watu wa kwetu Rungwe nayo anayataka, hata kama walikuwa Wamoravian.

Watu wa mbali nao wamelitatua jambo hili kwa tarehe. Wachina wana Qingming, tarehe 4 au 5 Aprili, siku ya kufagia makaburi. Tangu mwaka 2008 ni sikukuu ya taifa, kwa hiyo hata wa kiwandani anapata ruhusa ya kwenda. Wajapani wana Obon, sehemu nyingi katikati ya Agosti, treni zinajaa watu wanaorudi kwao kama mabasi ya kusini yanavyojaa Desemba, na taa zinawashwa kuzipokea na kuzisindikiza roho za wazee. Meksiko wanaandaa meza yenye picha, chakula alichokipenda marehemu na maua ya rangi ya chungwa. Tarehe 1 Novemba ni ya watoto, tarehe 2 ya watu wazima. Na sisi wenyewe tunajua kufanya hivi kitaifa: tuna Aprili 7 ya Karume, Julai 25 ya mashujaa, Oktoba 14 ya Nyerere. Songea kila Februari 27 wanawakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa mwaka 1906. Kama taifa limeweza, ukoo unashindwaje?

Mkianza, fanyeni kidogo. Kufyeka, kutaja majina, chai na viazi, basi. Shughuli ikigeuka michango na sare, mwaka wa pili wenye mfuko mtupu hawatokei, na hao mara nyingi ndio wanaolijua kila kaburi. Kama Pasaka haiwafai kwa sababu ya mvua na nauli, tumieni Desemba 26, wakati watu wameshafika nyumbani. Kitu cha kuogopa ni kuhamisha tarehe. Ukiihamisha mara moja kwa ajili ya mwenye gari, umeshaiua.

Suala la tambiko litaibuka, hasa ukoo ukiwa na walokole, Waislamu na wazee wa jadi. Msilimalize kwa ugomvi kaburini. Sisi tulikubaliana kwamba kufyeka na kutaja majina ni kwa wote. Anayetaka dua, misa au tambiko ana muda wake, na mwenzake hamsemi.

Halafu anzeni daftari leo, kabla ya siku yenyewe. Mkalie karibu mzee anayejua, muulize nani kalala wapi, mtoto wa nani, alikuwa mtu wa namna gani. Ulizeni na kuhusu watoto waliofariki wachanga, maana hao ndio tunaowaruka tunapohesabu. Wameksiko wamewapa siku yao kamili. Sisi tuwape angalau mstari. Msimharakishe mzee, na kama jina halijui, andikeni "mtoto wa" fulani, na mahali alipozikwa.