Spea kuukuu za wateja na vyuma vya jalalani: kipato chake kina hukumu gani?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Nimeajiriwa, lakini mshahara haukidhi mahitaji ya nyumbani. Jioni natengeneza pasi, feni na mashine za kufulia za watu, na siku za mapumziko nakusanya vyuma chakavu nikaviuze kwa kilo. Spea mbovu ninazozitoa kwenye vifaa vya wateja nabaki nazo, maana shaba ya mota ina bei. Vingine naviokota jalalani. Jamaa mmoja ananiambia najidhalilisha, mwingine anasema kila cha kuokota ni haramu mpaka kitangazwe mwaka mzima. Je, kipato changu ni halali? Na je, kina zaka?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Sifa zote njema ni za Allah, rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

La kudhalilika lisikushughulishe, ndugu yangu. Al-Bukhari amepokea kutoka kwa al-Miqdam (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) amesema hakuna mtu aliyepata kula chakula bora kuliko kile alichokichuma kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daud (a.s.) alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Na Daud huyo ndiye ambaye Allah amesema katika Surat Saba' kuwa alimlainishia chuma. Anayekudharau kwa sababu ya kushika vyuma na aisome aya hiyo. Kazi yako ni halali, alimradi usiifanye katika saa ambazo mwajiri wako anakulipa, wala kwa vifaa vyake bila idhini.

Kinachonitia wasiwasi katika swali lako ni kile ulichokitaja kwa kupita tu, yaani zile spea. Mteja alipokuletea mashine yake, alikukodi kazi, hakukuuzia mashine. Mota uliyoitoa imeungua, kweli, lakini ni mali yake kama ilivyokuwa ilipokuwa inazunguka. Kuharibika hakuondoi umiliki. Wewe mwenyewe umesema shaba yake ina bei, na kitu chenye bei hakichukuliwi ila kwa ridhaa ya mwenyewe. Allah anasema: "Enyi mlioamini! Msiliane mali zenu kwa batili, isipokuwa iwe ni biashara kwa kuridhiana" (4:29).

Tiba yake ni nyepesi. Anapokuja kuchukua chombo chake, mwekee ile spea mbele yake umwambie: "Hii ndiyo iliyoharibika. Utaichukua au utaniachia?" Wengi watakuachia, na hapo imekuwa yako halali kabisa. Isitoshe, mteja ataona kwa macho yake kwamba kweli umebadilisha. Kama desturi inayojulikana na wote mahali ulipo ni kwamba spea mbovu huachiwa fundi, wanazuoni huizingatia desturi kama sharti lililotamkwa, ila kwa kitu cha thamani kama mota, kuuliza ndiko salama zaidi kwa dini yako. Za zamani ulizokwisha kuuza, waombe wateja unaowajua wakusamehe au uwalipe. Usiowakumbuka, watolee sadaka kwa niaba yao kiasi unachokadiria.

Sawa na hayo ni vile vinavyokutwa ndani ya chombo: sarafu kwenye chujio la mashine ya kufulia, pete iliyodondokea chini ya pipa lake. Katika hadithi ya al-Bukhari na Muslim, mtu alinunua ardhi akakuta humo mtungi wa dhahabu, akamrudia muuzaji akamwambia: chukua dhahabu yako, mimi nilinunua ardhi tu, sikununua dhahabu. Na simu au kompyuta kuukuu ikikufikia ikiwa na picha za watu, hizo ni siri zao. Zifute bila kuzitazama.

Tuje kwenye jalala. Jamaa yako amechanganya mambo mawili. Hadithi ya Sahaba Zayd bin Khalid ya kutangaza mwaka mzima inahusu kilichopotea, ambacho mwenyewe anakitafuta. Kilichotupwa makusudi kwenye taka, mwenyewe amekiacha, na anayekiokota anakimiliki. Lakini tazama dalili. Feni iliyovunjika mapanga juu ya rundo la taka imetupwa. Bomba zima lililolala kando ya nyumba inayojengwa halikutupwa. Na nyaya za umeme au mfuniko wa shimo la maji machafu unaoletewa usiku na mtu asiyetaka kuulizwa, usinunue hata kwa bei ya chini. Huko ni kusaidiana katika dhambi na uadui, na mtu anaweza kutumbukia katika shimo lile akafa.

Nimalizie nyaya hapo hapo: kuna wanaozichoma moto ili plastiki iondoke ibaki shaba. Moshi ule ni sumu kwa majirani, na Mtume (s.a.w.) amesema: "Hakuna kudhuru wala kudhuriana." Menya kwa kisu, hata kama unachelewa. Mizani iwe sawa unaponunua na unapouza, kwa maana Surat al-Mutaffifin imeanza na onyo hilo hilo. Na ukiuza pasi uliyoifufua, sema kwamba imetengenezwa, na useme kasoro iliyobaki.

Vitu visivyofuatwa na wateja ni amana. Tangu mwanzo andikianeni muda, na mteja aridhie kwamba muda huo ukipita utauza, ujilipe ujira wako, na kinachozidi umwekee.

Ama zaka, ujira wa ufundi hauna zaka unapoupokea. Hutolewa kwenye akiba ikifikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kupitiwa na mwaka wa Hijria. Nisabu ya dhahabu ni takriban gramu 85, na ya fedha gramu 595. Vyuma ulivyonunua kwa nia ya kuuza ni bidhaa za biashara: mwaka ukitimia vikadirie kwa bei ya siku hiyo, jumlisha na fedha taslimu, ukifikia nisabu toa asilimia 2.5. Koleo, bisibisi na mashine zako za kazi haziingii katika hesabu.

Wallahu a'lam.