Kwa nini Hannibal Lecter anatisha hivyo

Umeuliza inakuwaje Hannibal Lecter, daktari wa akili aliyefungwa kwa kuua na kula watu, atishe kuliko wote ilhali haonekani hata nusu saa katika The Silence of the Lambs (1991), filamu ya karibu saa 2. Siri kubwa iko kwenye kamera. Mwongozaji, Jonathan Demme, aliwapanga wanaozungumza na Clarice, mwanafunzi wa FBI anayekwenda kumhoji Lecter, watazame moja kwa moja kwenye lenzi, huku Clarice mwenyewe akitazama pembeni kidogo. Hivyo Lecter anakutazama wewe, na Anthony Hopkins, anayemwigiza, hapepesi macho ovyo.

Angalia pia tunavyomwona mara ya kwanza. Mfungwa wa chumba cha jirani, Miggs, amerukia nondo za chuma za chumba chake na kumtolea Clarice matusi. Lecter amesimama wima katikati ya chumba, anasubiri, adabu tele. Chumba chake kina kioo badala ya nondo, kwa hiyo hakuna kinachoukata uso wake kwenye picha za karibu.

Wanaomwiga hukosea hapa: humpa mhusika mbaya makelele, kicheko kirefu na maelezo marefu ya utotoni, hofu ikayeyuka. Ukiirudia filamu, zima sauti kwenye mazungumzo yao ya kwanza uyatazame macho tu.